Kwenda Ujiji Kufuata Usingizi

Mmeniuliza sana. Pale kwenye kahawa mmeniuliza, kanisani mmeniuliza, hata mteja aliyeleta mahindi mashineni juzi aliacha gunia mlangoni akauliza kwanza, "Bosi Shija, ni kweli ulikwenda Ujiji kwa baiskeli?" Nimechoka kusimulia vipande vipande, maana kila nikifika Urambo anaingia mtu mwingine anataka nianze upya. Basi nimekaa nimeandika. Mimi ni mtu wa darasa la nne, mnajua, lakini darasa la nne langu limejenga nyumba ambazo wenye digrii wanapanga. Someni, na atakayeona nukta imekaa vibaya aimeze.

Cheyo, kabla ya kutoka

Safari bila shida ni matembezi tu, kwa hiyo nianze na shida. Nilikuwa silali.

Wanaotujua nyumbani wanajua: walitangulia mapacha, wakafa wadogo, nikazaliwa mimi nikaitwa Shija kama desturi ilivyo, akanifuata mdogo wangu akaitwa Kashindye. Nilimbeba mgongoni mpaka mama akasema nitaota nundu. Alipokua akaenda Ujiji na biashara ya dagaa, akaoa huko, akasilimu, wakamwita Athumani. Mwaka jana akafariki ghafla. Alizikwa alasiri ileile kama dini yake inavyotaka, nami nilikuwa hapa Cheyo, Tabora, nafunga mtambo mpya wa kukoboa. Nilituma kila kinachotumwa. Watu wakasema, "Shija amesimama kiume." Nikasimama kiume hivyohivyo mpaka nikasahau kukaa.

Kuanzia hapo usingizi ukanikimbia. Nafumba jicho kidogo, nashtuka, nashika simu, naangalia kamera za mashineni kana kwamba kuna mtu ataiba pumba. Asubuhi nafokea kila mtu. Siku moja nilimfokea mke wangu, Mama Regina, kwa sababu chai ilikuwa ya moto. Chai! Akaniangalia, akaniambia, "Baba Regina, na ikipoa utamfokea nani?" Kesho yake akanipeleka kliniki.

Muuguzi alikuwa binti wa rika la Regina wetu. Akapima presha, akapima sukari, akaona mwili unanguruma kama mtambo mpya. Nilimwambia atakuwa hajapima mwili kama huu siku nyingi. Akatabasamu, kisha akaniuliza, "Baba, unakula na nani?"

"Nakula ofisini peke yangu. Mimi ni mtu wa kazi."

"Na unacheka na nani?"

Nikaona ananifanya mtoto. Lakini yule binti hakutishika. Akasema kwa leo hana kidonge cha kunipa, ana kazi ya kunipa. Nilale na kuamka kwa saa ileile kila siku. Simu isilale chumbani. Asubuhi nitembee nipate jua. Chakula nile na watu. Na nimtafute mtu mmoja wa kuongea naye kila siku mambo yasiyohusu biashara. "Ukiona bado, rudi, yupo daktari wa mambo haya, wala si aibu. Ila anza kidogo, baba. Hata mpaka mwisho wa mtaa wenu."

Sasa mimi na kidogo wapi na wapi? Nikamwambia Mama Regina: kama dawa ni kutembea, mwisho wa mtaa ni wa wagonjwa, mimi nakwenda Ujiji. Babu wa babu yangu alikwenda pwani na pembe ya ndovu begani akarudi na miguu yake.

Nilidhani atanizuia. Akasema, "Nenda. Lakini unakwenda na Pazi."

Pazi ni fundi makochi wa mtaa wa Ng'ambo. Amezaliwa hapahapa, lakini ukoo wake ni Wazaramo waliokuja na misafara ya zamani, na Mzaramo kwetu Wanyamwezi ni mtani. Asiyejua utani aelewe hivi: mtani wako anakuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako, anachukua nyama kwenye sahani yako, na msibani kwako anajilaza kaburini kabla ya maiti na kusema maneno ambayo mwingine angevunjwa mbavu. Nawe unacheka. Ukinuna unatozwa faini.

Cheyo hadi Usoke

Baiskeli yangu ilikuwa mpya, ina gia nyingi kuliko lori, na nilivaa kofia ngumu na kizibao cha kung'aa. Ya Pazi ni ile nyeusi ya kizamani, haina breki ya maana lakini kengele yake inasikika Sikonge. Pale getini kwangu alinipa begi lake.

"La nini hili?"

"Mnyamwezi ndiye mpagazi. Mimi kwetu hatukubeba, tuliwapokea tu mlipofika. Nani kakuambia niharibu historia?"

Nikabeba. Tulitoka jua likichomoza migongoni mwetu, lami tupu, na niseme ukweli, nilimwacha mbali. Nikawa nageuka kumtazama anavyozidi kuwa mdogo kama nzi. Raha hiyo ilidumu mpaka karibu na Ndono, ambapo mnyororo wangu ulikatika na gia zikajikunja kama mguu wa panzi. Pazi akanipita akipiga kengele. Akaenda mpaka akapotea, ndipo akarudi kunicheka.

Kando ya barabara palikuwa na mji wa watu, mama mmoja wa makamo anapukuchua karanga barazani. Nikamwambia, "Habari mama, kuna fundi baiskeli hapa?" Yote kwa pumzi moja.

Akaacha karanga. "Salama, baba. Karibuni. Mmelalaje huko mlikotoka?"

Nyote mnajua jibu la swali hilo. Ni salama. Hata mwenye nyumba iliyoungua anajibu salama, halafu ndipo anaeleza moto. Mimi nilisema salama kila asubuhi kwa mwaka mzima kwa kila aliyeniuliza. Sijui pale ni jua, sijui ni hasira ya mnyororo. Nikajibu, "Sijalala, mama. Tangu mdogo wangu afe, silali."

Pazi akaacha kupiga kengele.

Yule mama hakunipa pole ndefu. Alisogeza kigoda kwa mguu, akanimwagia karanga mapajani. "Kaa upukuchue. Fundi yuko shambani, atachelewa."

Fundi alichelewa kweli. Nilipukuchua mpaka vidole vikauma, na huku mama akisimulia habari za binti yake aliyeolewa Igalula na mbuzi wa jirani anayekula kanga zake kwenye kamba. Hakuniuliza tena usingizi. Alituletea matobolwa, viazi vitamu vile vilivyokaushwa na kuchemshwa, tukavila na karanga zilezile nilizopukuchua. Tangu Kashindye afe sikuwa nimekaa na watu muda mrefu namna ile bila kutazama saa. Fundi alipokuja na koleo lake aling'oa gia zote akaunga mnyororo mfupi. Akaniambia, "Mzee, hizi zilikuwa zinakusumbua." Nikafika Usoke na baiskeli sawa na ya Pazi, na huo ndio mwisho wa kumwacha mbali.

Urambo, na watu waliokimbia ugali

Kupita Urambo nilidai tuache lami tushike njia ya porini. Wapagazi hawakupita lami. Pazi akasema wapagazi wangeiona lami wangeibusu, lakini akanifuata.

Ndani kidogo, kwenye miti ya miombo, tulikuta watu wanapakia mkaa kwenye magunia. Mmoja akainua kichwa, akaona kofia yangu na kizibao kinang'aa. Akapiga ukelele. Kufumba na kufumbua pale pana moshi na kandambili ya mguu mmoja tu. Walidhani mimi ni bwana misitu! Nikiri kwamba kidogo nilifurahi kuonekana mkubwa wa serikali.

Waliacha na sufuria ya ugali motoni, unaanza kuungua. Pazi akachukua mwiko, akachuchumaa akausonga, huku akipiga kelele kuelekea porini: "Rudini! Huyu si bwana misitu! Huyu ni mtumwa wangu, nampeleka soko la Ujiji! Ila kwa tumbo hili sijui kama atapata mnunuzi!"

Kichaka cha kwanza kikacheka. Cha pili kikacheka. Wakaanza kutoka mmoja mmoja, wa mwisho akiwa anatafuta kandambili yake. "Mnyamwezi huyo?" wakamuuliza Pazi. "Mnyamwezi wa Cheyo," akajibu, "wale wanaonenepa kwa pumba za mashine yao." Wakaangua kicheko mpaka mmoja akashika mti.

Mimi nikasema, "Pazi, inatosha."

Aliyeshika mti akauachia. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akanitazama vizuri, akamgeukia Pazi. "Si mmesema ni watani?"

"Ni watani."

"Mzaramo anamtania, halafu Mnyamwezi ananuna?" Akanirudia mimi, sauti yake ya upole kabisa. "Baba, unaumwa nini?"

Jamani, nimepimwa na mashine nyingi za hospitali. Hakuna iliyonifikia mahali pale.

Faini ni faini. Nilinunua kuku wao mmoja, wakamchinja, tukamla wote kwa ule ugali wenye harufu ya moshi, mikono kwenye sufuria moja. Nimekula kwenye hoteli kubwa za Dar es Salaam. Ule ugali ulikuwa mtamu zaidi, na hilo silisemi kwa adabu.

Tuliporudi kwenye lami Pazi aliendesha sambamba nami bila neno. Si kawaida yake, nikajua kuna kitu. Karibu na Kaliua akauliza, "Shija. Kashindye alipozikwa, mtani alikuwa nani?"

"Hakuwepo."

"Ujiji nzima hakuna Mzaramo?"

"Sikuuliza. Mimi mwenyewe sikuwepo."

"Nami nilikuwa Kisarawe kwa shangazi." Akakanyaga pedali kidogo. "Basi mazishi hayajaisha. Wamemzika nusu, nusu nyingine unayo wewe, unatembea nayo."

Hapo nilijua, na yeye alijua, kwamba Ujiji hatuendi kwa ajili ya mazoezi.

Kaliua hadi Uvinza

Magoti yangu hayakushindwa. Niliyahurumia tu. Ndiyo maana Kaliua tulitafuta lori linalorudi Uvinza kufuata chumvi, tukafunga baiskeli zetu juu, na dereva, mtu mnene mwenye sauti ya padri, akasema tunaondoka sasa hivi.

Sasa hivi yake ilikuwa na springi iliyovunjika. Tulikaa chini ya ubavu wa lile lori tangu asubuhi hadi jua linalegea, tukisubiri springi nyingine iletwe. Simu yangu ikazima. Mahali pa kuchaji palikuwa na foleni, nami nikawa nachuchumaa na kuinuka. Nilikuwa nawaza: sasa hivi mkanda wa mtambo umekatika, sasa hivi vijana wanauza unga kwa rafiki zao, sasa hivi mji mzima unajua Shija hapatikani.

"Kaa," akasema Pazi.

"Nimekaa."

"Umechuchumaa. Nimesema kaa."

Nikakaa. Wale wengine waliosubiri lori walikuwa wanacheza bao kwenye vishimo walivyochimba chini, kete zao kokoto. Wakaniingiza. Niliwafunga mchezo wa kwanza, wa pili wakanifunga, wa tatu niseme tulisimamishwa na springi kufika. Nilipopanda juu ya lori niligundua kwamba muda wote wa bao sikuwaza mkanda wa mtambo hata mara moja.

Uvinza nikachaji simu. Ujumbe wa kijana wangu msimamizi ulisema, "Bosi kila kitu shwari, leo tumesaga zaidi ya jana." Nilisoma mara mbili nikitafuta shida. Haikuwepo. Iliniuma kidogo, sitaki kusema uongo. Ujumbe mwingine ulikuwa wa Mama Regina, neno moja: "Umekula?"

Nikamjibu nimekula, na nikamwambia na nani. Alinipigia hapohapo. Tuliongea habari za lile lori na yule dereva mpaka akacheka, nami sikumbuki mara ya mwisho nilipoongea na mke wangu habari isiyokuwa na kazi ndani yake.

Ujiji

Tuliingia Ujiji kwa baiskeli, hilo nalisisitiza. Pale Uvinza nilimwambia Pazi kwamba mwendo wa mwisho ni wangu. Ilituchukua muda, tukasukuma kwenye vilima, lakini tuliingia tumekanyaga pedali.

Mjane wa Kashindye anaitwa Bi Zuhura. Alitupokea mlangoni, akalitazama vumbi langu kutoka kofia hadi kiatu. "Shemeji, mabasi yamekwisha Tabora?" Akaingia ndani haraka, nikasikia anapenga kamasi huko. Akarudi na maji ya kunawa. Kulikuwa na samaki wa ziwani, migebuka ya mawese, na ugali wa muhogo, na watoto wa mdogo wangu wakakaa kulizunguka sinia, wote wana paji lake la uso.

Tulikwenda makaburini baada ya alasiri. Bi Zuhura akasimama pembeni kwenye njia. Kaburi la Kashindye ni la udongo tu, na mawe madogo pembezoni, na limeota majani machanga. Pazi akavua viatu, akainua mikono, akasoma Fatiha taratibu mpaka mwisho. Mimi nikafanya ishara ya msalaba. Nilisimama kama nilivyozoea kusimama.

Kisha Pazi akajilaza chini ubavuni mwa kaburi.

"Kashindye!" akaita. "Athumani! Jina lolote walilokupa! Wewe mtumwa wangu wa namna gani, unakufa bila ruhusa yangu? Sogea huko! Sogea nilale! Mnyamwezi hata kaburini anajitanua kama yuko kwenye kitanda cha sita kwa sita!" Akausukuma udongo kwa bega. "Nimekuletea kaka yako. Nimemvuta kutoka Cheyo. Ana nyumba, ana mitambo, ana kizibao cha kung'aa, na hajui kulala. Kulala, Kashindye! Kitu ambacho wewe umekiweza hata bila kufundishwa!"

Kicheko kilinitoka ghafla, kama unga ukitoka kwenye bomba lililokuwa limeziba. Nilicheka mpaka nikashika magoti. Nikaketi. Na nilipoketi nikaona kile nilichokuwa nacheka si kicheko tena. Nililia, jamani. Nililia kwa sauti mbele ya watu, mimi Shija, na Pazi alikuwa bado amelala pale chini, akanyoosha mkono akanishika kifundo cha mguu.

Bi Zuhura alikuwa amefunika mdomo kwa kanga, machozi na kicheko vyote kwa pamoja. "Angelikuwepo," akasema, "angelicheka kuliko wote."

Tuliporudi nyumbani kwake alitandika mkeka barazani nipumzike kidogo wakati chai inachemka. Sikumbuki chai. Nilipoamka ilikuwa asubuhi, nimefunikwa shuka, mistari ya mkeka imejichora shavuni, na watoto wamekaa wananitazama kama sinema. Pazi anakunywa uji.

"Umekoroma," akasema, "mpaka jirani amekuja kuuliza nani kafungua mashine ya kusaga mtaani."

Bi Zuhura akaniuliza, "Umelalaje, shemeji?"

"Salama," nikasema. Nikaona inabidi nirudie. "Salama kabisa."

Cheyo tena

Tulirudi kwa basi, na basi halina la kusimuliwa. Wanaosema kurudi kwa basi kunaharibu safari wao waende Ujiji kwa baiskeli ndipo tuongee.

Nilimpitia yule muuguzi. Akauliza, "Ulianza kidogo kama nilivyokuambia?" Nikamwambia nilifika Ujiji. Akacheka sana, binti wa watu, halafu akauliza, "Na kesho asubuhi, baba?"

Swali hilo ni gumu kuliko vilima vya Uvinza. Mtu anaweza kwenda Ujiji mara moja akasifiwa maisha yake yote. Kesho asubuhi haina wa kukusifu. Zipo siku usingizi bado unanipiga chenga, sitawadanganya. Lakini simu yangu jioni inalala sebuleni, ndani ya debe la mahindi, na Regina akipiga anapigia ya mama yake. Mchana nakula na vijana wangu pale mashineni, sinia moja, na nimejua mambo yao ambayo miaka yote sikuyajua, mengine ya kuchekesha sana. Na kila alfajiri kengele ya baiskeli inalia getini kwangu, mtu anapaza sauti mtaa mzima usikie: "Mtumwa wangu! Toka nikuone kama umelala!" Natoka, tunatembea mpaka kwenye reli na kurudi. Kidogo tu. Mwisho wa mtaa na ziada ndogo.

Wiki iliyopita kengele haikulia. Nikangoja, nikaona mwanga unazidi. Nikavaa viatu nikaenda mwenyewe Ng'ambo, nikasimama nje ya dirisha la Pazi. Mke wake akanong'ona kwamba ana malaria, ameshapata dawa, amelala anatetemeka, na tangu jana hajasema na mtu.

Nikashika nondo za dirisha. "We Mzaramo!" nikapaza sauti. "Umekufa? Nijulishe mapema, maana kwenu pwani mnazika kwenye mchanga, mtu anafukuka na upepo! Mimi sina muda wa kukuzika mara mbili!"

Nikasikia kitanda kinalia. Kisha kicheko kidogo, cha mtu mwenye homa, kikageuka kikohozi, kikarudi kuwa kicheko.

"Umelalaje?" nikauliza.

"Sijalala," akajibu.

Nikavuta kigoda cha mkewe, nikakaa barazani kwake, nikamwomba mkewe karanga za kupukuchua kama zipo.